Masaji ya Kithai nyumbani: unamkanda mtu kwa uzito wa mwili wako, sio kwa nguvu za vidole

Ukitaja masaji wengi picha inayowajia ni kitanda kirefu, mafuta, mtu kavuliwa nguo kafunikwa taulo na kamziki ka taratibu kwa mbali. Masaji ya Kithai haiko hivyo. Hapa mtu analala chini kwenye godoro jembamba, kavaa nguo zake zote, mafuta hamna, na anayemkanda anapiga magoti pembeni yake au anakaa kabisa miguuni pake, anabonyeza, anavuta, anakunja, anazungusha viungo, yaani ukiwaangalia kwa mbali unaweza kudhani wanafanya mazoezi pamoja ila mmoja kapitiwa na usingizi. Wenyewe wanaiita nuat Thai, na Disemba 2019 UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwahiyo usidhani ni kitu cha hoteli za kitalii tu, kule Thailand ni tawi la tiba ya jadi na linafundishwa hivyo.

Ninachoeleza hapa ni ile ya msingi ambayo mtu mzima yeyote mwenye afya anaweza kumfanyia mwenzake nyumbani, mke, mume, dada, rafiki, kwa muda wa saa moja na kidogo. Zile za kumning'iniza mtu hewani na kumkanyaga mgongoni sizigusi na nitasema kwanini.

Kidogo tu kuhusu ilikotoka

Wathai wanamtaja Jivaka, tabibu wa Buddha mwenyewe, kama baba wa fani hii, na mpaka leo wakandaji wengi kabla hawajamgusa mgonjwa wanakunja mikono kifuani wanamtolea heshima kimyakimya. Bangkok kuna hekalu la Wat Pho, mfalme Rama III alipolikarabati kwenye miaka ya 1830 aliagiza maarifa ya tiba yachongwe kwenye mawe ili mtu yeyote aweze kuyasoma, na kati ya hayo mawe kuna michoro kama 60 ya mwili wa binadamu, nusu inaonyesha mbele na nusu nyuma, imejaa mistari na vituo vidogo vyenye maelezo pembeni. Hiyo mistari ndiyo inaitwa sen.

Nadharia yao inasema mwili una sen nyingi mno lakini kumi ndizo kuu, zote zinaanzia eneo la kitovu, na ndani yake unapita upepo, lom, ambao ndio unaufanya mwili ujongee. Upepo ukikwama mahali unapata maumivu, ganzi, uzito. Kwa mfano Ittha upande wa kushoto na Pingala upande wa kulia zinashuka kitovuni mpaka mapajani, zinazunguka nyuma, zinapanda pembeni mwa uti wa mgongo hadi kichwani na kuishia kwenye matundu ya pua (mtu wa yoga ataona hayo majina anayajua, ndiyo, asili yake India). Ndiyo maana unaenda na malalamiko ya mgongo halafu mkandaji anaanza na nyayo, anakaa miguuni robo saa nzima, wewe unajiuliza huyu kanisikia kweli? Kakusikia, kwao mgongo na mguu ni njia moja.

Sasa ukimpasua mtu huzikuti hizo sen kama unavyokuta neva au mshipa wa damu, tusidanganyane. Lakini ukifuata ilipochorwa utagundua mara nyingi inapita kwenye mifereji kati ya msuli na msuli au kati ya msuli na mfupa, na hapo kweli ndipo watu wanakaza. Kwahiyo iamini nadharia usiiamini, mistari inakuelekeza mahali sahihi pa kuweka kidole. Faida zake zinajulikana, misuli inalegea, viungo vinakunjuka vizuri zaidi, maumivu ya mgongo ya kawaida yanapungua kwa muda, stresi inashuka na usingizi unakuja. Haitibu kisukari, haiyeyushi uvimbe na "haitoi sumu mwilini", hiyo kazi wanafanya figo na ini lako, anayekuambia vingine anakuuzia kitu.

Nani asikandwe

Hapa soma taratibu. Mtu mwenye homa, aliyefanyiwa operesheni karibuni, mwenye mfupa uliovunjika au kuteguka ambako bado kumevimba, mwenye jeraha au ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza, aliyelewa, aliyetoka kula akashiba sasa hivi (subiri kama saa mbili hivi), wote hao leo hapana. Mwenye presha isiyotulia, matatizo ya moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye saratani, mzee ambaye mifupa imedhoofika, mjamzito, hao waongee na daktari kwanza, na hata wakiruhusiwa wanahitaji mtu aliyesomea, sio wewe uliyejifunza leo.

Na kuna hili moja ambalo watu hawalijui: mtu akikuambia shavu la mguu mmoja linauma, ukiangalia limevimba kuliko lenzake, ukigusa lina joto, USIBONYEZE. Hiyo inaweza kuwa donge la damu kwenye mshipa wa ndani, ukilikanda linaweza kuchomoka likaenda kuziba kwenye mapafu, na hapo habari inakuwa nyingine kabisa. Huyo anaenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mwenye maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma au kutoka wenyewe, hiyo ni dharura ya hospitali na masaji haihusiki.

Maandalizi

Godoro lisiwe nene la kuzama, ukibonyeza mtu anadidimia tu na nguvu yote inaishia kwenye sponji. Mikeka miwili mitatu juu yake mablanketi yaliyokunjwa inatosha, lakini hakikisha ni pana kiasi kwamba hata magoti yako yawe juu yake, la sivyo dakika ya ishirini utakuwa unawaza magoti yako badala ya mwenzako. Tafuta mito miwili, mmoja wa kichwa na mwingine wa kuweka chini ya magoti au chini ya vifundo vya miguu. Nguo nyepesi, pana, suruali isiyobana, mkanda na funguo na simu vitoke mfukoni. Wewe kata kucha, kucha ndefu ya kidole gumba kwenye masaji hii ni silaha. Vua saa na pete. Mwenzako anawe miguu au umfute kwa kitambaa cha maji ya moto, Wathai hilo hawaliruki na lenyewe tu linamtuliza mtu kabla hujaanza. Simu weka sailensi, zote mbili.

Muulize anaumwa wapi, ameshawahi kuumia wapi, halafu mkubaliane namba: moja ni hasikii kitu na kumi hawezi kuvumilia. Mnakaa kwenye tano mpaka sita, ile ya "inauma lakini tamu". Akifika saba ameshaanza kubana pumzi na kukaza misuli kujilinda, na msuli uliokazwa ukiubonyeza unapigana nao tu. Usisubiri aseme, angalia uso, angalia vidole vya miguu, vikijikunja umezidisha.

Mwili wako wewe unayekanda

Hii sehemu ndiyo masaji yenyewe, kule kwingine kote ni kujua tu wapi pa kuweka mkono. Watu wanaoanza wanabonyeza kwa vidole, yaani bega limepanda masikioni, kiwiko kimekunjwa, kidole gumba kimepinda kinyumenyume ukucha umekuwa mweupe, na baada ya dakika kumi wamechoka na wanalalamika vidole vinauma. Mkandaji wa Kithai mwanamke wa kilo hamsini anawakanda watu watano kwa siku, wengine wamemzidi mwili mara mbili, na jioni anaenda nyumbani kwake hana shida. Anachofanya ni kuegemea.

Jaribu hivi kabla hujamgusa mtu. Chukua mzani wa kupimia uzito, uweke chini, piga magoti mbele yake uweke viganja viwili juu yake mikono ikiwa imenyooka. Kwanza sukuma kwa nguvu za mikono uone namba inavyorukaruka na wewe unavyotetemeka. Kisha tulia, acha mikono inyooke bila kuikaza, nyanyua makalio kutoka kwenye visigino na upeleke nyonga mbele taratibu mpaka mabega yawe juu ya viganja. Namba itapanda kilo kumi, kumi na tano, ishirini, imetulia tuli, na wewe hujafanya kazi yoyote. Kurudisha ni kurudisha nyonga nyuma. Rudia mpaka uweze kusimama kwenye kilo kumi unapotaka na kwenye ishirini unapotaka, ukishaweza hilo umeshajua nusu ya kazi.

Mambo mengine yanafuata hapo: mgongo umenyooka, magoti yameachana upate msingi, unayembonyeza yuko mbele ya kitovu chako na sio pembeni, na ukihitaji kufika mbali unasogeza magoti, hujinyooshi. Kubonyeza ni kuingia polepole, kukaa sekunde tatu mpaka tano, kutoka polepole. Sio kudunda. Ingia yeye akiwa anatoa pumzi, na ukitaka kumsaidia wewe mwenyewe pumua kwa sauti kidogo, baada ya muda mtakuta mnapumua pamoja bila mtu kumwambia mwenzake. Kidole gumba tumia ile sehemu laini yenye alama za kidole, sio ncha, na vile vidole vingine vinne vishike mwili kando kukupa egemeo. Na kila mahali unaanza na kiganja ndipo uje na kidole, halafu unamalizia tena na kiganja.

Miguu

Mwenzako amelala chali, miguu imeachana kidogo. Wewe piga magoti chini ya nyayo zake. Wathai wengi wanaanza mguu wa kushoto kwa mwanamke na wa kulia kwa mwanaume, ukipenda fuata, usipopenda hakuna kitakachoharibika.

Weka kiganja kila unyayo, kwa ndani, kwenye ule upinde, na uegemee huku nyayo zikianguka kwa nje. Tembeza viganja kutoka kwenye kisigino hadi karibu na vidole na kurudi, kushoto kulia kushoto kulia, uzito ukihama kutoka mkono huu kwenda huu. Fanya dakika mbili tatu. Kisha shika unyayo mmoja na ubonyeze kwa vidole gumba: kutoka mbele ya kisigino kuna mistari mitano, kila mmoja unaenda kwenye kidole chake, pita yote mitano polepole. Zungusha kifundo cha mguu pande zote mbili, kisha kila kidole kivute kwa upole kimoja kimoja. Kisilie sio shida, usilazimishe mlio.

Ukipanda juu usipande na haraka. Mguu wa chini una mfupa wa ugoko mbele, huo haubonyezwi, unabonyeza pembeni yake kwa nje, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mfupa, kuanzia juu ya kifundo mpaka chini ya goti. Hapo wengi wanashtuka kwa sababu ni msuli ambao haujaguswa na mtu toka uumbwe. Kwa ndani unapita kati ya mfupa na shavu la mguu, nguvu nusu ya ile ya nje. Goti lenyewe liruke, unaweza kulizungushia viganja tu juu yake kulipasha joto. Paja kwa nje na kwa juu tumia viganja viwili vilivyokutana visigino kwa visigino, vidole vimefunguka huku na huku, unaegemea, unasogea, unaegemea.

Paja la ndani kuna staili nzuri: kunja goti lake lianguke nje, unyayo wake ukae karibu na goti la mguu mwingine, weka mto chini ya goti lililokunjwa kama haligusi chini, halafu tembeza viganja kutoka juu ya goti mpaka katikati ya paja na urudi. Usiende mpaka kwenye kinena. Hapo kuna kitu utakiona kwenye video, mkandaji anaweka kiganja kwenye kinena anaegemea anakaa hata nusu dakika halafu anaachia, na mtu anasikia joto linashuka mguuni. Wanaita kufungua mlango wa upepo, ila kinachofanyika ni kwamba mshipa mkubwa wa damu umezibwa halafu ukaachiwa. Mwenye presha, mwenye moyo, mwenye mishipa iliyovimba au donge asilolijua, anaweza kudhurika. Waachie waliosomea.

Malizia miguu kwa kunyoosha. Kunja goti ulisukume taratibu kuelekea kifuani kwake kwa uzito wako, kaa pumzi tatu. Kisha nyoosha mguu juu, kisigino kikiwa kimekaa kwenye bega lako au kwenye kiwiko cha ndani, mkono mmoja juu kidogo ya goti kulizuia lisipinde, sogea mbele mpaka aseme hapo. Hapo maana yake hapo, sio hapo na kidogo. Watu wenye video zao wananyoosha miguu mpaka masikioni, hao wamefanya kazi na wacheza dansi.

Mgongo

Mgeuze alale kifudifudi, mto chini ya vifundo vya miguu, kichwa kigeukie upande anaopenda na abadilishe katikati ya kazi. Asiyeweza kulalia tumbo mlaze ubavu, mto katikati ya magoti, na kila kitu ninachosema hapa kinawezekana hivyo, na kusema ukweli kwa mtu mwenye mwili mkubwa ni bora zaidi.

Pita kwanza nyuma ya miguu kwa viganja, mashavu ya miguu kwa upole na nyuma ya goti usibonyeze kabisa, nyuma ya mapaja unaweza kuegemea vizuri. Makalio ni mahali ambapo watu wanasahau, au wanaona aibu, na ndipo maumivu mengi ya kiuno yanapojificha. Kwa kisigino cha kiganja, juu ya nguo, kwenye ile bonde la pembeni, egemea pumzi mbili tatu. Mwombe ruhusa kwanza, hata kama ni ndugu yako.

Sasa mgongo. Pitisha kidole katikati utasikia pingili za uti wa mgongo, zile hazibonyezwi hata siku moja. Toka upana wa vidole viwili kila upande utakuta msuli umesimama kama kamba nene kuanzia kiunoni mpaka mabegani. Mstari wa kwanza uko kwenye mfereji kati ya uti wa mgongo na hiyo kamba, wa pili uko kwenye ukingo wake wa nje. Kaa pembeni yake au mpitishie miguu huku na huku bila kumkalia, weka kiganja kila upande, msubiri atoe pumzi, egemea. Anza chini kiunoni, panda mpaka kati ya mabega, shuka. Ukizunguka mara mbili kwa viganja ndipo uje na vidole gumba kwenye mstari wa kwanza, vyote viwili kwa pamoja kulia na kushoto, kila upana wa vidole viwili unasimama. Kuanzia mbavu za mwisho kwenda chini hadi kwenye mfupa wa nyonga hakuna mbavu zinazokinga na figo ziko maeneo hayo, hapo punguza nguvu. Na juu, usawa wa kifua, usimbonyeze mtu mgongoni akiwa anavuta pumzi, mbavu zinataka kufunguka wewe unazifunga.

Utakutana na fundo. Lina ugumu wa punje ya haragwe chini ya kidole, ukilibonyeza anasema "hapohapo" au anasikia maumivu yanaenda hadi mkononi. Tamaa ya kulisaga ni kubwa sana, usilisage. Liwekee kidole, egemea mpaka namba sita, kaa, hesabu pumzi tano, utasikia lenyewe linalainika au angalau namba inashuka ingawa nguvu ni ileile. Halikulainika? Endelea mbele utarudi baadaye, au usirudi, kesho ipo.

Kumkanyaga mgongoni, kumkunja kwa kumvuta mikono nyuma mpaka kifua kinyanyuke, kumsokota kiuno mpaka kilie, hivyo viache. Mtu anaweza kuwa na diski ya uti wa mgongo iliyotoka mahali pake au mfupa uliodhoofika bila kujua, na wewe hauna namna ya kujua.

Mikono, mabega, shingo

Mikono inaenda haraka. Amelala chali tena, mkono umenyooka pembeni kiganja juu, pita kwa viganja kutoka kwenye kiganja chake hadi begani ukiruka kiwiko kwa ndani na kwapa. Kiganja chake kifungue kwa vidole gumba vyako, bonyeza katikati, vuta vidole. Watu wa kompyuta na simu hapo wanasinzia kabisa.

Mabega ni bora akiwa amekaa. Aketi miguu kakunja, wewe simama au piga magoti nyuma yake, weka mikono ya mbele, yaani ule ubapa chini ya kiwiko, juu ya msuli kati ya shingo na bega, na uegemee chini akitoa pumzi. Mfupa wa bega usiuguse, msuli tu. Sogea kutoka karibu na shingo hadi karibu na ukingo wa bega na urudi.

Shingo nguvu inashuka mpaka mbili au tatu. Mkono mmoja ushike paji la uso lake liegemee hapo, mkono mwingine kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande mwingine, unabana misuli ya nyuma ya shingo tu kutoka chini mpaka pale shingo inapokutana na fuvu. Mbele na pembeni ya shingo kuna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, hapaguswi. Na kuivunja shingo ilie "kraa", hapana, hata akikuomba, hata kama kinyozi wake huwa anamfanyia. Mshipa wa shingo ukichanika kwa kusokotwa mtu anapata kiharusi, kitu hicho kimetokea kwa watu vijana na wazima.

Malizia na kichwa, ncha za vidole zote kumi kwenye ngozi ya kichwa kama unaosha nywele lakini polepole mara tatu, masikio uyabane kuanzia juu mpaka chini. Kisha mlaze, mfunike, umwache dakika kumi. Usianze stori. Akiamka apewe maji au chai ya moto. Kesho yake anaweza kusikia uchovu wa misuli kama mtu aliyetoka jim, siku moja au mbili unaisha. Ukizidi hapo, au kukiwa na ganzi, kichwa kuuma sana, kizunguzungu, aende hospitali.

Ukitaka kuongeza ule mpira wa mitishamba

Unaitwa luk prakhop, na binafsi nadhani ndio sehemu inayostahili sifa zaidi kuliko zile sarakasi zote. Wenyewe wanatumia plai, ambayo ni jamii ya tangawizi yenye rangi ya njano, pamoja na manjano, mchaichai, ganda la ndimu ile yenye makunyanzi, majani ya mkwaju, chumvi na kafuri. Ukikosa plai weka tangawizi ya kawaida, haitakuwa sawasawa lakini joto na harufu utapata. Pondaponda visivyo laini sana, gramu mia mbili hivi, changanya na kijiko cha chumvi, weka katikati ya kitambaa cha pamba, kusanya pembe, kaza kwa kamba mpaka upate mpira wa ukubwa wa chungwa wenye mkia wa kushikia. Mkia ukikazwa vizuri ndio mpira haulegei, usifanye haraka hapo. Fanya miwili.

Weka kwenye mvuke dakika kumi na tano, usichemshe ndani ya maji. Ukiutoa UJARIBU kwenye mkono wako kwa ndani kwanza, ukishindwa kuhesabu mpaka tatu bado ni moto. Mwanzoni unagusa na kuondoa harakaharaka juu ya nguo au taulo, ukipoa kiasi ndipo unaubonyeza na kuuzungusha kwenye mabega, mgongo, mapaja, na mwingine unabaki kwenye mvuke mnabadilishana. Manjano yanatia doa lisilotoka, kwahiyo shuka nyeupe iweke mbali. Mtoto mdogo na mjamzito usiwawekee kafuri, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia usimwekee mpira wa moto miguuni, ataungua asijue.

Na kama unaenda kuipata kwao

Huko Thailand sheria ya mwaka 2016 inataka duka la masaji liwe na leseni na mkandaji awe amesajiliwa, na kozi ya msingi ya masaji ya afya ni ya saa 150, kwahiyo tafuta cheti ukutani, huwa hawafichi. Wat Pho wenyewe wana shule ambayo ilianza 1955, na unaweza kukandwa hapohapo ndani ya eneo la hekalu. Duka la kawaida Bangkok saa moja mara nyingi ni kati ya baht (pesa ya huko) 250 na 400, na wengi wanamwachia mkandaji baht 50 mpaka 100 mkononi. Kama una nafasi chukua saa mbili, saa moja inaishia miguuni na mgongo unaguswa kwa kukimbizwa. Utapewa suruali pana ya kubadilisha, utaoshwa miguu. Kuna staili mbili, ya kifalme ambayo mkandaji anatumia mikono tu na anakaa mbali kidogo kwa heshima kwa sababu ilikuwa ya ikulu, na ya wananchi ambayo viwiko, magoti na nyayo vyote vinafanya kazi, na mitaani utakayokutana nayo mara nyingi ni hii ya pili. Akizidisha nguvu mwambie "bao bao", yaani kwa upole, ikiuma sana sema "jep", na usione aibu kurudia, yeye amezoea. Presha, ujauzito na operesheni zako zitaje kabla hujalala chini, na kama hutaki shingo yako iguswe shika shingo umtikisie kichwa, hiyo inaeleweka bila lugha.